Ukurasa wa Adyero

…na mbona hasemi kitu, mtu akishakabidhiwa karatasi yake husema, hata kama hana la kusema hukohoa, huguna, huuliza mbona jina la kijiji limekaa pembeni, lakini huyu Okeny tangu aipokee amenyamaza, na sajini mstaafu wa polisi si mtu wa kunyamaza, koo lake limezoea gwaride, Husnah anaisikia karatasi ikilia mikononi mwake, inatulia, inalia tena, anaigeuza, haki ya Mungu anaigeuza, na upande wa pili anatafuta nini, maneno yote yako upande wa mbele, ameyapiga taipu Husnah mwenyewe sasa hivi kama alivyotajiwa, Adyero mzaliwa wa Kitgum, mke wa Sajini Okeny, Mkristo mwema na mpishi hodari, maneno ya kusomwa kesho watu watakapokusanyika kumkumbuka marehemu, na mashine imelia vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, kengele kila mstari ulipofika ukingoni, mkono wa kushoto ukirudisha, hapakukwama mahali, basi ni nini, sema baba, kohoa angalau… "Mama, ukimaliza na Mzee uje usome hapa," ni Akram huyo, mwanawe, amesimama dirishani na tableti mpya aliyomletea, "nimezikuza herufi, sasa ni kubwa kama za bango la soda," na Husnah anajibu upesi, ndiyo mwanangu, acha nimalizane na afande kwanza, na anaisikia sauti yake mwenyewe ilivyotoka nyembamba, sauti ya mtu aliyekutwa ndani ya duka la watu, kwa sababu hata zikiwa kubwa kama milango hataziona, tangu kabla ya Ramadhani hazioni, anaona mwanga, anaona kwamba Okeny ni kivuli kirefu mbele ya meza na Akram ni kivuli kingine chenye dirisha nyuma yake, na karatasi ni weupe unaoelea, basi, hapo ndipo dunia ilipoishia, na hajamwambia mtu, si Akram, si majirani, si wateja wachache waliobaki, wala hatawaambia, afadhali afe na siri yake kuliko kufanywa kama alivyofanywa Baba.

Baba… mzee Abdunoor, dereva wa malori, aliyekuwa akiingia nyumbani kule Bombo hata kuku wakajua ameingia, macho yake yalipokwisha alitandikiwa mkeka pembeni ya ukumbi, akapewa mto mzuri, bakuli zuri, kila kitu kizuri, na tangu siku hiyo hakuna aliyesema naye tena, walisema juu yake, amekula? amelala? mpeni maji, mtoeni juani, naye yupo pale pale anasikia, alikuwa akigeuza kichwa kuifuata kila sauti, huku na huku, mpaka akachoka akaacha kugeuza, na ni maradhi haya haya, presha ya macho, daktari alimwambia Husnah siku aliyokwenda peke yake, hii hutembea katika damu, mama, na kilichokwenda hakirudi, akamwandikia matone, akayanunua, anayaficha ndani ya kasha la taipureta ndogo kama mwanamke anayeficha sigara, na Akram ana chumba tayari nyumbani kwake Ntinda, kina zulia, kina kiti kikubwa cha kuegemea, Mama hapa Kamwokya kelele nyingi, hamia kwetu, kila Ijumaa akitoka msikitini wimbo ni huo huo, na Husnah kila Ijumaa anamjibu nina kazi mwanangu, wateja wangu wataniulizia, kazi ndiyo komeo la mlango wake, siku Akram atakapojua kwamba mama yake anapiga kwa vidole tu, hana macho, komeo litatoka, na mkeka utatandikwa, utaitwa kiti cha kuegemea lakini utakuwa mkeka… "Mm," anasema Okeny, mm gani hiyo, mm ya kuridhika hupanda juu, hii imebaki chini kooni, na mikono yake bila kuagizwa inaanza kuzunguka mezani kujifanya ina shughuli, inapita juu ya mashine kubwa ya chuma yenye mgongo mrefu, ile ya kupigia majedwali, siku hizi kazi yake ni kubeba mabunda ya karatasi za kaboni, inapita kwenye ile ndogo ndani ya kasha, inakutana na waya wa chaja, waya mwingine, kikombe cha chai iliyopoa, halafu kile kifaa chembamba cha kusomea vitabu, zawadi ya Akram pia, vitabu elfu ndani yake, Mama, na yeye akawahi kusoma viwili kabla ukungu haujaingia, ni baridi, ni laini, hakina mahali pa kushika, hakina kibonye hata kimoja cha kumwambia mtu kwamba hapa ni hapa, anauogopa ukoo mzima wa vitu hivi, vyenyewe vinataka macho, macho tu, ukivigusa bila macho vinakimbilia ukurasa mwingine… lakini taipureta, taipureta ilimzoeza kutoona kabla hajaacha kuona, mwalimu Erinayo, pale walipofundishwa makarani wa polisi, alikuwa akiwafunika mikono kwa kitambaa, kila msichana na kitambaa chake, anapita nyuma yao na rula, anayechungulia anachapwa, macho kwenye maandishi, Husnah, vidole havihitaji shahidi, na wasichana walilia, yeye hakulia, akawa wa kwanza darasani, akapiga maelezo ya wezi na ya mashahidi mpaka vidole vikajua njia kama mbuzi wanaorudi zizini, ndiyo maana kuficha kumekuwa rahisi, mteja anataja yeye anapiga, mteja anasoma mwenyewe, yeye anainamisha kichwa na miwani puani, miwani anayoivaa kwa ajili ya watu, na vidole sasa vimerudi kwenye mashine yake ya kila siku, vinapapasa ubavu wake wa kulia, vinagusa kile kitufe kidogo cha utepe wa wino, na vinakikuta kiko chini.

Chini… la, hakiwezi kuwa chini, juu ni wino mweusi, katikati ni mwekundu, chini ni pale pa kukatia stensili, zile karatasi za nta za kurudufia, enzi zake hizo, kikiwa chini utepe hauinuki kabisa, nyundo za herufi zinaipiga karatasi kavukavu, anakisukuma kwa ncha ya kidole ahakikishe, hakiendi zaidi, kimefika mwisho, na sasa anakumbuka, jana, jana asubuhi alizisafisha herufi kwa mswaki na mafuta ya taa kidogo, na mtu akizisafisha hukishusha kitufe ili utepe usipande ukachafuka, kila mpiga taipu anajua, na akimaliza hukipandisha, na jana alipokuwa akimaliza muuza maziwa akagonga… hakukipandisha, ewe Mola, hakukipandisha, na mwenye macho angeona kwenye herufi ya kwanza, angecheka, angeanza upya, wasichana wa Erinayo walikuwa wakilifanya kosa hili na kutaniana nalo hadi saa ya chai, lakini hakuna mwenye macho anayeweza kulifanya ukurasa mzima, na mlio, sasa anaukumbuka mlio, ulikuwa mkavu, mkali, aliusikia akasema moyoni ni mpira wa rola umezeeka, kumbe… kwa hiyo Okeny ameshika karatasi tupu, weupe wenye vishimo vidogo vidogo vilipopigwa herufi, anaigeuza na kuigeuza kwa sababu haamini, mke wake hayumo, Kitgum haimo, na yeye Husnah amempa kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akasema hii hapa afande, iko tayari… jasho linamtoka chini ya gurbaba, shuka aliyojitanda, linateremka mgongoni, anataka kunyoosha mkono aichukue, aseme nipe nirekebishe neno moja, lakini mkono ukienda kombo, ukishika hewa mbele ya Akram, ndiyo balaa zaidi, afadhali atulie, afadhali Okeny aseme sasa hivi kwa sauti yake ya gwaride, hii karatasi haina kitu, aseme yaishe, hapana, asiseme, Mungu wangu mfunge mdomo, liza simu yake, mpe kikohozi, na nje spika za kinyozi wa jirani zinapiga muziki kana kwamba hakuna kinachotokea, mtu anavunja mayai ya kufungia kwenye chapati, harufu ya kitunguu inaingia, watu wana njaa, watu wanataka mayai, na yeye anazama hapa mezani kwake… mficha maradhi kilio humuumbua, aliyeitunga methali hiyo hakuwa na maradhi, alikuwa mzima na kiherehere chake… halafu anasikia viatu vya Akram vikiondoka dirishani, kimoja kinalia, vinavuka sakafu, kivuli kinatembea kuelekea kivuli, manukato ya Ijumaa yamehama, yako upande wa Okeny sasa, "Hebu nione, Mzee," na karatasi inalia mara moja, imeinamishwa, imeonyeshwa, vivuli viwili vimekuwa kimoja, na Husnah ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, anaogopa kama hajawahi kuogopa, hata wakati wa vita, askari walipopita nyumba kwa nyumba, hakuogopa hivi, kwa sababu wale walikuwa watu wasiomjua, na huyu ni mwanawe, akimwona atamwona kweli.

"Imetoka safi, Mama," anasema Akram.

Safi… na kwanza ni raha, tuseme kweli, ni raha tupu, imetoka, alhamdulillahi imetoka, labda kitufe kilikuwa juu na yeye ndiye aliyekishusha sasa hivi kwa kupapasapapasa, labda mlio ulikuwa ni rola tu, mwanamke mzima anajitia kiwewe bure, na Okeny naye anadakia, "Eeh, Mama Akram, hii iko muzuri sana, wewe bado iko na nguvu ya mashine," na anacheka, na ni kile kicheko kinachoiharibu ile raha, kimekuja haraka mno, kimetoka puani, na sauti ya Akram pia, sasa inamrudia, ilikuwa laini, ilikuwa polepole, imetoka safi Mama, sauti ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka, tangu lini Akram anasema naye hivi, Akram ni mtu wa kubishana, Akram ni mtu wa kusema Mama chai yako ina majani mengi mno, tangu lini… tangu Ijumaa iliyopita, ndiyo, Ijumaa iliyopita alimpa tableti asome Yasini, na Yasini iko moyoni mwake tangu utotoni, kwa hiyo akainama juu ya kioo akasoma, akasoma kwa madaha, akipitisha kidole, na katikati aliona kwamba ule mwanga mbele yake umezimika, kitu kimelala chenyewe kama kinavyolala, na yeye alikuwa akikisomea kioo cheusi, akajikaza akaendelea, hakujua kwa muda gani, na alipomaliza Akram akasema mashaallah Mama, unasoma vizuri… mashaallah… na leo amekuja, amezikuza herufi, lakini hamletei mezani, anangoja dirishani, anasema uje usome lakini halazimishi, anajua, huyu mtoto anajua, na Okeny anajua, wamesimama pale wawili wameangalia karatasi isiyo na neno na wamekubaliana bila kuongea kumwambia imetoka safi, na pengine muuza maziwa anajua, pengine kinyozi, pengine yeye ndiye mtu wa mwisho Kamwokya nzima kujua kwamba anajulikana.

Na hofu ile ya kwanza inaondoka, haiondoki kwa uzuri, inasukumwa na nyingine kubwa kuliko yenyewe, kwa sababu hivi ndivyo ilivyoanza kwa Baba, haikuanza na mkeka, mkeka ulikuja baadaye, ilianza na safi, kila kitu safi Baba, na Kamis alipokufa, Kamis kitinda mimba, kipenzi cha Baba, walikaa wanawake jikoni wakaamua kwamba mzee asiambiwe, moyo wake hautahimili, na watu walikuja wakalia pale pale nyumbani, kilio cha ndani ya ukumbi, na Baba kwenye mkeka wake akauliza nani amekufa, wakamwambia ni msiba wa jirani, Baba, na Kamis yuko wapi, Kamis yuko Arua, barabara mbaya, atakuja, na waliosema hayo walikuwa wakimpenda, hakuna aliyekuwa mbaya, ndilo linalomtisha Husnah mpaka leo, kwamba hakukuwa na mbaya hata mmoja, ikapita miezi wakimletea salamu za Kamis, Kamis anakusalimu, Kamis ametuma sukari, hadi jioni ile Husnah alipokuja na bakuli na Baba akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, akamwambia giza hili la kwanza alinipa Mungu, sina ugomvi naye, hili la pili mnanipa nyinyi, na Husnah akaketi mkekani akamwambia, Kamis amekufa, Baba, tumemzika, na mashangazi walimsema mwezi mzima, muuaji wee, lakini Baba alilia akamaliza, akaoga, akaomba kanzu, akaomba apelekwe kaburini kwa mkono wa mtu, na njia nzima alikuwa akiuliza tumefika wapi sasa, na hapa ni wapi, na nani huyu anayetusalimia, na watu walikuwa wakimjibu, yeye, wakimjibu yeye mwenyewe… "Soma basi Mzee, tusikie," anasema Akram, mtoto huyu, anadhani anasaidia, na Okeny anakohoa, sasa ndiyo anakohoa, na anaanza, "Adyero mutoto ya Kitgum… bibi ya Sajini Okeny…" na anakwama, kwa sababu aliyoyataja yalikuwa makavu kama ripoti ya doria na sasa hayako mbele yake, amesahau, mikono yake imeshika weupe na mwanamke mwenye miwani anamsubiri, na badala ya kuacha anaendelea, sauti imeshuka, si ya gwaride tena, "Yeye alikuwa naogopa radi. Mimi askari, mimi nalala na bunduki chini ya kitanda, lakini kama radi napiga yeye nashika mukono yangu, nasema Okeny wewe haogopi kitu, na mimi nanyamaza. Mimi pia nilikuwa naogopa. Mimi hapana ambia yeye. Miaka yote ile mimi hapana ambia yeye," na hilo halikuwemo, Husnah hakulipiga, Mkristo mwema na mpishi hodari ndicho alichopiga, hili limetoka mahali pengine, mtu mzima anasimama mbele ya meza ya watu akiwa ameshika karatasi tupu ili kumfichia aibu mwanamke, na kwa kumfichia amejikuta amefichuka yeye, na sasa Husnah anamwonea huruma, na anamkasirikia, na anataka kulia, vyote pamoja, kwa sababu Okeny alinyamaza mpaka mtu wake akaondoka, na yeye Husnah amekuwa akinyamaza vivyo hivyo, akidhani ananyamaza kwa ushujaa, kumbe mkeka alikuwa akijitandikia mwenyewe, kila Ijumaa kidogo, kila nina kazi mwanangu ulikuwa unyasi mmoja… ataambiwa safi kesho na keshokutwa, ataambiwa safi siku paa linavuja, ataambiwa fulani anakusalimu na fulani yuko kaburini, na wote watakuwa wakimpenda… ni kusema tu, maneno mawili matatu, lakini hajawahi kuyasema hata peke yake, hata kwenye sijida, hata kwa daktari hakuyasema, daktari ndiye aliyeyasema, na yakishatoka hayatarudi, na chumba cha Ntinda kitakuwa pale pale, Akram atang'ang'ania, itabidi agombane naye, agombane kweli kweli, mchana kweupe, uso kwa uso, mtu na mwanawe, na hilo pia linamtisha, kwa sababu anaweza kushindwa, lakini mtu unayegombana naye hajawa bakuli wala mto… Okeny bado anasoma, amefika kwa mvua za mwaka Adyero alipougua, ananyamaza kupenga kamasi, na karatasi inalia kidogo mikononi mwake, mtu hamkatizi mgane akiwa na mkewe mdomoni, asubiri, amalize, na katika kile kimya kidogo Husnah anasikia Akram akimwinamia Okeny na kumnong'oneza, kwa sauti anayodhani haivuki meza, "Endelea, Mzee, ameamini."

"Akram," anasema Husnah, "sioni."